Umri wa Cheti

Muaither iko magharibi ya Doha, ndani ya manispaa ya Al Rayyan: majumba ya kuta ndefu, baqala, yaani maduka madogo, karibu kila pembe, misikiti, na vumbi linaloingia hata dirisha likifungwa. Sisi Waafrika Mashariki tunaokaa huku tumezoea kuishi kwa tarehe. Kitambulisho cha ukaazi kina tarehe yake, istimara, yaani usajili wa gari, ina yake, mkataba wa nyumba una yake, na moja ikipita nyingine huanza kukwama. Labda ndiyo maana kazi ninayoifanya usiku haikunishangaza nilipoianza. Nalinda tarehe za vyeti vya usalama vya tovuti: nyumba ya wageni Lamu, wakala wa kutoa mizigo bandarini Mombasa, madrasa moja, duka la vipuri Dar es Salaam. Wenyewe hawajui cheti ni nini, wala sioni kwa nini wajue. Wanachojua ni kwamba kufuli la kivinjari likitoweka na onyo likajitokeza, mteja hageuki nyuma.

Vyeti huandikwa kwa saa za Greenwich. Kilichoandikiwa 23:59:59 hufa saa nane na dakika 59 za usiku, Doha na Mombasa kwa pamoja, kwa kuwa saa za miji hii miwili ni zile zile. Hiyo ndiyo saa ya kazi yangu.

Cheti chenyewe ni faili fupi. Ndani mna jina la tovuti, ufunguo wa wazi wa seva, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na saini ya mdhamini. Ufunguo wa pili, ule wa siri, haumo. Huo hubaki kwenye seva, na atakayeuiba anaweza kujifanya ndiye wewe kwa muda wote ambao cheti kinaishi. Kivinjari nacho kimebeba orodha ya wadhamini kinaowaamini, na saini ikifuatwa ikamfikia mmoja wao, mlango unafunguka. Maswali ni matatu tu: nani amekudhamini, kwa muda gani, na nani anaweza kukunyang'anya.

Maswali hayo yamewahi kuulizwa katika bahari hii hii, na majibu yake yamehifadhiwa. Nusu ya pili ya karne ya 19, manowari za Waingereza zilikuwa zikisimamisha majahazi kati ya Zanzibar na Ghuba kutafuta watumwa. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Mwingereza. Manahodha wa Sur, mji wa pwani ya Oman, wakaona upenyo: wakajipatia hati za Kifaransa, wakapandisha bendera ya rangi tatu, na karatasi moja ikawaepusha na upekuzi wa bahari nzima. Wapo waliokuwa wafanyabiashara wa halali waliochoka kusumbuliwa. Wapo pia waliobeba watumwa. Ukiwa juu ya manowari, kwa macho matupu, huwezi kuwatofautisha, na hapo ndipo ugomvi wa hati ulipozaliwa.

Mataifa yakakutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia saini mkataba wenye vifungu mahususi kuhusu bendera za vyombo vya wenyeji. Mwenye chombo athibitishe kwamba ni raia au mtu aliye chini ya ulinzi wa dola anayoomba bendera yake. Awe na mali isiyohamishika au alete mdhamini wa kuaminika. Yeye na nahodha wawe na sifa njema, wasiwe wamewahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ruhusa ihuishwe kila mwaka, na iweze kusimamishwa au kufutwa wakati wowote. Jina la chombo liandikwe kwa herufi za Kilatini nyuma ya chombo, na herufi za bandari kilikosajiliwa, pamoja na namba yake, zichapwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga, zisomeke kwa mbali. Mtu wa kazi yangu akivisoma vifungu hivyo hawezi kukaa kimya: uhakiki wa mwombaji, muda wa mwaka mmoja, ufutaji, na alama ya wazi ambayo yeyote anaweza kuikagua, vyote vimo, miaka mia moja na zaidi kabla ya kivinjari kuvihitaji.

Ugomvi haukuisha. Uingereza na Ufaransa zikaupeleka The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, mbele ya waamuzi watatu: Heinrich Lammasch wa Austria, Melville Fuller aliyekuwa Jaji Mkuu wa Marekani, na Savornin Lohman wa Uholanzi. Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905. Waliokuwa na ruhusa kabla ya 2 Januari 1892 wabaki nayo maadamu Ufaransa inaendelea kuwahuishia. Baada ya siku hiyo Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa wapya, isipokuwa wale iliokuwa ikiwatambua kama watu wake kabla ya 1863. Kisha likaja neno ninalolipenda kuliko yote katika hukumu ile: ruhusa haihamishiki kwa mtu mwingine wala kwa chombo kingine, hata kama vyombo vyote viwili ni vya mwenyewe mmoja. Bila shaka waamuzi walilisema kwa sababu watu walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Ndugu akifa, bendera inarithiwa. Jahazi likioza, karatasi inapanda jahazi jipya. Leo naona mtu ana seva kumi na ufunguo mmoja wa siri ameunakili kwenye zote kumi, na nikimuuliza ananijibu kwamba seva zote ni zake.

Upande wa kompyuta historia ni fupi zaidi. Februari 1995 kampuni ya Netscape ilitoa toleo la pili la SSL, utaratibu wa kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ambalo halikuwa madhubuti, na mwaka uliofuata toleo la tatu likaziba nyufa nyingi. Mwanasayansi mkuu wa Netscape wakati huo alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Cairo, ambaye wengi humwita baba wa SSL. Huku Ghuba napenda kulitaja jina lake, maana vijana wengi wanaamini kila kitu cha kompyuta kimebuniwa na mtu wa California. Mwaka huo huo wa 1995 ilizaliwa VeriSign, duka kubwa la vyeti. Na katika gereji ya wazazi wake huko Afrika Kusini, Mark Shuttleworth akaanzisha Thawte, naye akawa mdhamini anayeaminiwa na vivinjari vya dunia. Desemba 1999 aliiuzia VeriSign kampuni hiyo kwa dola milioni 575. Mwaka 2002 akapanda Soyuz kwenda anga za juu, raia wa kwanza wa nchi ya Kiafrika kufika huko, na mwaka 2004 akatuletea Ubuntu, mfumo ambao ndio unaoendesha seva zangu nyingi. Pesa za vyeti, kwa njia hiyo ndefu, zimenirudia bure.

Lakini vyeti vyenyewe havikuwa bure. Viliuzwa kwa mamia ya dola, na kwa sababu hiyo tovuti nyingi za kwetu ziliishi bila kufuli. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye saiba ya mtaani Mombasa mwaka 2009, mwaka ambao kebo ya intaneti ya TEAMS ilitua pwani yetu kutoka Fujairah, Emirates. Kebo ilikuja na kasi, wateja wakajaa, na kila mmoja alifungua Facebook kwa njia ya wazi isiyo na usimbaji. Oktoba 2010 ikatoka Firesheep, nyongeza ndogo ya kivinjari iliyomwezesha mtu yeyote aliye kwenye mtandao ule ule wa wazi kuingia kwenye akaunti ya jirani yake kwa kubofya tu. Aliyeitoa, Eric Butler, alisema wazi kwamba nia yake ni kuziaibisha kampuni kubwa. Facebook ilichukua hadi 2013 kuwawekea watumiaji wote njia salama bila kuombwa.

Kisha wakaanguka wadhamini wenyewe. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, kampuni ya Uholanzi, wakajiandikia vyeti zaidi ya mia tano, kikiwemo cha Google. Cheti kile kilitumika ng'ambo ya pili ya Ghuba hii: watu wapatao laki tatu nchini Iran walikuwa wakifungua Gmail, wanaliona kufuli, na katikati yao na Google kuna mtu. Vivinjari vikaifuta DigiNotar kwenye orodha zao, na Septemba hiyo hiyo kampuni ikafilisika. Mwaka 2019 ikaja zamu ya DarkMatter ya Emirates, iliyokuwa ikiomba kuingizwa kwenye orodha ya Mozilla. Januari shirika la Reuters lilikuwa limeihusisha na kazi za ujasusi, kampuni ilikana, Julai Mozilla ikakataa. Ni ule mtihani wa sifa njema wa Brussels, ila safari hii jaji ni kampuni inayotengeneza kivinjari, na mkataba wenyewe hakuna dola iliyoutia saini. Sijui kama nilipende jambo hilo. Naona tu kwamba ndivyo lilivyo.

Kutoka kwa DigiNotar tulipata daftari la wazi la vyeti. Kila cheti kinachotolewa huandikwa humo hadharani, na Chrome ililazimisha utaratibu huo kwa vyeti vipya kuanzia 30 Aprili 2018. Nikitaka kujua kama kuna mtu ameomba cheti kwa jina la mteja wangu wa Lamu, nalifungua daftari, naona. Herufi nyeusi kwenye tanga.

Hapa Doha tulijifunza pia mahali ambapo kazi ya cheti inakomea. Usiku wa kuamkia 24 Mei 2017 tovuti ya Shirika la Habari la Qatar ilidukuliwa, yakawekwa maneno ya uongo kwa jina la Amiri. Serikali ikakanusha, lakini maneno yalikuwa yameshasambaa. Tarehe 5 Juni, Saudi Arabia, Emirates, Bahrain na Misri zikakata uhusiano. Mpaka wa Abu Samra ukafungwa, rafu za maziwa madukani zikawa tupu, na baadaye ng'ombe wakaletwa kwa ndege. Mzingiro huo ulidumu hadi Januari 2021. Cheti hukuhakikishia kwamba umeufikia mlango uliokusudia. Aliyemo ndani, na anachokisema, si kazi yake. Tangu mwaka ule sijamwambia mteja kwamba kufuli maana yake ni usalama.

Baada ya wadhamini kuaibika, dawa iliyochaguliwa ni kufupisha umri. Zamani cheti kiliweza kuishi miaka mitano. Mwaka 2015 ukomo ukawa miezi 39, mwaka 2018 siku 825, na Septemba 2020 siku 398, baada ya Apple kusema kivinjari chake hakitapokea zaidi. Aprili 2025 baraza la wadhamini na watengenezaji wa vivinjari likapitisha ratiba nyingine, bila kura hata moja ya kupinga: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Sababu yao ina mantiki. Ufutaji wa vyeti haujawahi kufanya kazi vizuri, kwa hiyo ufunguo ulioibwa ni bora ufe upesi wenyewe. Gharama yake ni kwamba mkono wa binadamu haufai tena. Tarehe 6 Desemba 2018 cheti kimoja kilichoisha ndani ya programu ya Ericsson kilizima mtandao wa O2 Uingereza na kuitikisa SoftBank ya Japani siku hiyo hiyo, na hizo ni kampuni zenye majeshi ya mafundi. Mimi ni mmoja, na nalala pia.

Waliofungua njia ni Let's Encrypt. Mradi ulitangazwa Novemba 2014 ukiwakutanisha Mozilla, shirika la EFF na Chuo Kikuu cha Michigan, na ukafunguliwa kwa umma Desemba 2015: vyeti vya bure, vya siku 90, vinavyotolewa na mashine kwa mashine. Seva inaomba, mdhamini anaiambia iweke faili fulani mahali fulani kwenye tovuti, au rekodi fulani kwenye anwani za kikoa, anakuja kukagua, akiikuta, anatoa cheti. Hakuna fomu, hakuna faksi ya cheti cha usajili wa kampuni, na siku mbovu za kumtumia mteja namba ya benki ya Ulaya zikaisha. Februari 2020 walifikisha vyeti bilioni moja. Mwishoni mwa mwaka ule walikaribia kutuumiza: shina la udhamini walilokuwa wakiegemea lilikuwa linaelekea kuisha, na walitangaza kwamba theluthi moja hivi ya simu za Android duniani, zile za matoleo ya kabla ya 7.1.1, zingeanza kuzikataa tovuti zao. Hizo ndizo simu zilizokuwa mikononi mwa wateja wa wateja wangu. Desemba wakapata ufumbuzi wa saini ya pili, nami nikapumua.

Kwa hiyo kuhuisha cheti hakuhitaji akili unde, na anayekuambia kinyume anakuuzia kitu. Programu ya Certbot inafanya kazi hiyo peke yake: inaamka mara mbili kwa siku, inatazama tarehe, inaomba kipya. Taabu iko pembeni. Tovuti ya Lamu ilikuwa na cheti kipya kabisa ndani ya seva huku wageni wakipata onyo, kwa sababu hakuna aliyeiambia seva ya wavuti isome faili upya. Ya Dar es Salaam ilikuwa na anwani zake kwa msajili mmoja, barua pepe kwa mwingine, na neno la siri kwa binamu aliyehamia Kanada. Makosa ya aina hiyo hayana programu maalumu. Yanahitaji mtu wa kusoma maandishi mengi yanayochosha.

Msomaji huyo alikuja mwaka 2025. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilikuwa imetoa utaratibu wa wazi wa kuziunganisha akili unde na zana za nje. Februari iliyofuata ikatoa Claude Code, Aprili OpenAI ikatoa Codex yake, Juni Google ikaja na Gemini CLI, zote zikiwa mawakala wa akili unde wanaokaa ndani ya terminali, kwenye dirisha lile lile jeusi la amri. Kazi ya vyeti iliwafaa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa zana zake zote ni za maandishi. Naandika kwa Kiswahili: nionyeshe vyeti vyote vitakavyoisha kabla ya Ramadhani, na linganisha tarehe ya faili na tarehe anayoiona mgeni kutoka nje. Wakala anaendesha programu ya openssl kwenye kila seva, anarudi na jedwali. Kosa la Lamu, faili mpya na huduma ya zamani, ndilo la aina anayoigundua kabla sijamaliza chai.

Kinachonishughulisha ni ruhusa. Kusoma tarehe, kuuliza anwani, kufanya jaribio kavu la kuhuisha: hayo anafanya bila kuniuliza. Kuhuisha kwa kweli na kuamsha seva upya, ananiuliza kila mara. Ufunguo wa siri hausomi kabisa. Folda yake imefungwa kwa haki za mfumo wenyewe, kwa kuwa katazo la maneno peke yake linaweza kupinduliwa na maneno mengine, yakiwemo yale ambayo mtu mwovu ameyapanda kwenye kumbukumbu za seva yakimsubiri wakala ayasome. Kwenye anwani za vikoa nampa tokeni inayoweza kuandika rekodi ya uthibitisho tu, si kuhamisha barua pepe ya mtu. Nimemwekea pia kwamba majaribio yafanywe kwenye mazingira ya mazoezi ya Let's Encrypt, maana mdhamini ana kipimo: uthibitisho ukishindwa mara tano ndani ya saa moja kwa jina moja, anakufungia. Wakala hachoki kujaribu tena, na hapo kutochoka ni hasara.

Kuna mafundi wenzangu wanaompa wakala haki zote za seva, wanalala. Wananiona mwoga. Mimi nawaona kama mwenye jahazi anayemwazima mwenzake bendera kwa safari moja tu.

Mwenye kampuni ya kutoa mizigo Mombasa ni mzee wa Mji wa Kale, na hesabu zake ni kali. Juzi nilimtumia mpango wa siku 47 na maelezo ya kazi ya wakala, akanipigia.

"Mwanangu, kama mashine ndiyo inafanya, nakulipa wewe ya nini?"

"Ami, mashine inaomba. Mimi ndiye ninayesema ndiyo au hapana."

Akanyamaza kidogo, akaniambia nimpelekee orodha ya hizo ndiyo na hapana, moja moja, kwa Kiswahili. Nikampelekea. Aliirudisha na alama mbili. Ya kwanza alikata ruhusa ya kuamsha seva upya mchana wa siku za kazi, kwa kuwa makarani wake wanaingiza hati za mizigo saa hizo. Hilo sikulijua, na ni kweli. Ya pili aliandika pembeni: ukienda likizo, nani anasema ndiyo? Bado hatujaelewana. Anamtaka mwanawe, ambaye namjua, na ambaye angebofya ndiyo kwa lolote. Mimi nataka tuongeze fundi wa pili na tugawane malipo. Mkataba wake na mimi unaisha mwezi ujao.